Kambare Anayepashiwa Maji

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la aibu. Mimi ni mke wa Manasseh Onsongo, karani na mzee wa kanisa letu la Wasabato, na mwaka juzi Mzungu wake wa kazini alipokuwa akirudi kwao alimwachia tangi la kioo lenye samaki wadogo wadogo na kambare mmoja wa Amerika ya Kusini, wakati huo sawa na kidole, sasa amewameza wenzake wote na amekuwa mrefu kama mkono wangu, meza yetu imetolewa nje ili tangi likae, na samaki wa ngege ninaowanunua sokoni kwa Syprose anakatiwa yeye kwanza, watoto wanakula mboga, na kwa kuwa eti kwao ni joto na huku kwetu ni baridi, kila asubuhi napanda kutoka chemchemini na debe kichwani, napasha maji kwa kuni, nammiminia, mimi na mimba yangu ya miezi minane tunaoga ya baridi.

Nikimwambia Manasseh kwamba samaki asiye na magamba ni najisi, ananijibu, "Biblia imekataza kumla, haikukataza kumfuga." Syprose ni mtu wa ziwani, kwao kambare huliwa, amekubali kumchukua, nami nimemwambia aje Jumamosi Manasseh akiwa kanisani. Je, ni dhambi?

Drusilla, Kebirigo, 1973

Drusilla dada yangu, pole, lakini umenikasirisha. Msabato mzima unapanga wizi siku ya Sabato, halafu unaniuliza kama ni dhambi? Mwambie Syprose asije. Kwa sasa mwenye makosa ni mumeo. Ukimwibia, mwenye makosa utakuwa wewe.

Usibishane naye kwa aya, hutamweza. Kesho asubuhi weka debe mlangoni umwambie, "Basi anayefuga ateke maji." Kisha kaa. Usiteke, usipashe, hata akinuna, hata kambare akigonga kioo. Ngege wapikie watoto. Sijamwona bado mzee wa kanisa wa Kebirigo akipita sokoni na debe kichwani, na wako hatakuwa wa kwanza. Kabla wiki haijaisha atampelekea Syprose huyo kambare kwa mikono yake mwenyewe.

La mwisho. Barua nzima umenieleza kambare anakula nini na anapenda joto gani. Mimba ya miezi minane umeitaja mara moja tu, tena ukizungumzia maji ya kambare. Ukishaliweka hilo debe chini, nenda kliniki.