Eti Kidole Changu Kizito

Kitengela, Jumanne, Machi 1998

Kidole kizito! Eti shida ni kidole changu.

Tangu Januari nachukua damu ya kuku hapa machinjioni, naipeleka maabara, natoa kromatini, ule uzi wa DNA na protini zake. Naiteremsha kwenye kijibomba cha kioo huku nikipima muda kwa saa ya kubonyeza. Ikiwa imekunjwa vizuri, inapita haraka. Nikipunguza chumvi inakunjuka, inakuwa nzito, inachelewa.

Prof, msimamizi wangu, alitaka ikunjuke ghafla, kama kitabu chake kinavyosema. Yangu inakunjuka polepole. Leo ametazama grafu mbele ya darasa zima, akacheka. "Mama Neema, hiyo ni kidole yako. Unachelewa kubonyeza saa. Umechoka na mtoto."

Lakini maji matupu nayapima kila asubuhi kwa kidole hichohicho, na muda haubadiliki! Kama ni kidole, si maji pia yangechelewa?

Baba Neema aliporudi kutoka kazini Kajiado nilimsimulia yote, ugali ukapoa. Akauliza, "Sasa wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia samahani."

Akavuta sahani, akaanza kula ugali uliopoa. Afadhali angenicheka.

Hiyo samahani ndiyo inanichoma kuliko kicheko cha Prof. Niliogopa. Bado naogopa. Akikataa kutia sahihi thesis yangu, basi miaka yangu yote...

Wacha akatae. Kesho nampa saa mkononi, apime mwenyewe, aanze na maji. Darasa zima likiangalia kidole chake.