Milimita Mbili za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Hongera kwetu. Ripoti ya mvua ya miaka arobaini imekamilika, na mchoro unapanda kama ngazi. Mvua mlimani inaongezeka! Mbuzi wanaokufa kwa kiu huko kwetu nadhani bado hawajaisoma. Bosi kafurahi, ananiita mtaalamu. Na kwa kuwa mvua ipo, kijiji chetu kimefutwa kwenye orodha ya visima. Saini yangu inatakiwa Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimefukua madaftari ya mvua. Mlima mzima una kipimo cha mvua kimoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kiko uani kwa mama, anayelipwa kukisoma kila asubuhi.
Miaka kumi na minane sasa: mbili, mbili, mbili. Milimita mbili hata kiangazi, wakati huko hata umande haushuki. Mwandiko wa mama, umenyooka vizuri. Nami nimezinakili kwa miezi mitatu bila kushtuka – mtaalamu.


Jumatano, 5 Machi
Nimempigia. Mama, hizi mbili mbili ni za nini? Akacheka kidogo. Eti mkaguzi alikuja, akakuta sifuri ukurasa mzima, akamfokea: unalipwa kulala? Tangu siku hiyo, kipimo kikiwa kikavu, anaandika mbili. Mbili si nyingi, hazimdhuru mtu.
Mkaguzi yupi? Yule kijana mwembamba, mwenye mwanya, akikasirika anajikuna sikio.
Mwembamba! Siku hizi anajaa kiti kizima. Mwanya upo palepale. Bosi wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea bosi madaftari. Kajikuna sikio. Akasema, kwa upole mwingi, kwamba tukiziita namba za uongo itabidi tumtaje aliyeziandika. Kazi ataipoteza, huenda na polisi wakamwita. Mama yako, si ndiyo? Nani aliwahi kufoka huko, hilo hakumbuki kabisa. Kazi nyingi, maskini.
Namchukia. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewekewa kalamu mpya, heshima hiyo. Badala ya saini nimeandika: Mvua hii haikunyesha. Nikaukata mstari. Nikauandika tena. Bosi yuko mlangoni, anatazama saa.
Simu – mama. Hajambo, ni miguu tu. Maji siku hizi ni mwendo wa saa nne, kwenda na kurudi. Kisima kinakuja lini? Namuuliza habari za mbuzi.
Basi, anasema, kipimo leo kikavu, mwanangu. Niandike ngapi?