Darubini Yangu na Shamba la Kijiji

Munisagara, Jumatano usiku

Hasira hazijaniisha. Mwenyekiti wa kijiji aliazima darubini yangu ili walinzi wawaone nguruwe pori wanaokula mahindi ya shamba la kijiji, nikampa bila kinyongo. Kumbe nguruwe wenyewe ni sisi.

Leo mkutanoni ametangaza kwamba Mama Rehema ameonekana kwenye darubini akiwa ameketi huku wenzake wakipalilia. Ameongezewa siku mbili za jembe. Alikuwa ananyonyesha mtoto mwenye homa.

Mimi na mume wangu tulisugua kioo cha darubini ile kwa mchanga kiangazi kizima, mpaka vidole vikachubuka, ili tuione Zohali na pete zake. Tangu zamani watu wamesugua vioo majumbani mwao kwa ajili ya mbingu. Kupeleleza majirani...

Nilimfuata. "Ndugu Mwenyekiti, naomba darubini yangu."

"Sasa ni ya kijiji, Mwalimu. Ila irekebishe kwanza, inaonyesha watu kichwa chini."

Nikaitikia, nikaondoka nayo. Kioo nimeshakichomoa. Atarudishiwa bomba tupu, na liwalo na liwe.

Njiani nilipita kwa Mama Rehema kumpa pole. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, uliponitazama na lile bomba lako, mtoto hukumwona?"