Kumnyoa Tulia

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefika zizini Anoka moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali. Nyasi kavu, maji, kwato. Farasi Tulia amelowa jasho tena. Yumo ndani, mlango umefungwa, nje barafu. Hajapandwa na mtu tangu Joakim afariki mwezi wa tatu. Nimemkausha kwa taulo huku namgombeza. Farasi wa mume wangu, kazi yangu. Ndio urithi huo.

Jumapili, 9 Novemba
Amelowa. Linda, mwenye zizi, anasema manyoya ya baridi yamekuwa mazito mno, anyolewe. Eti nichague namna. Chini ya shingo na tumbo tu. Au nusu ya mwili. Au mwili mzima, ukiacha miguu na kipande cha mgongoni chenye umbo la tandiko ili ngozi isichubuke. Mimi hata misuko yangu humwachia msusi achague.

Jumatano, 12 Novemba
Nimechagua kidogo: shingo na tumbo. Namwonea huruma, baridi ya huku si mchezo. Linda akipitisha mashine, Tulia alisimama kimya. Hakumtazama Linda hata mara moja. Alinitazama mimi.

Alhamisi, 13 Novemba
Amelowa. Ila leo nimeangalia vizuri. Shingo kavu, mapaja makavu. Jasho liko mgongoni tu, limechora umbo la tandiko, na chini yake alama ya mkanda wa tumbo. Tandiko lenyewe liko gereji kwangu, Coon Rapids. Nimeenda kulitazama. Lina vumbi. Nimefurahi kuona vumbi, kisha nikajionea aibu.

Jumamosi, 15 Novemba
Anakohoa. Daktari wa mifugo kasema ni mapafu. Kwa umri wake, akiendelea kulowa katika baridi hii, hafiki Krismasi. Naogopa. Nimejikaza mbele ya daktari, nikalia kwenye gari. Katika vyote alivyovipenda Joakim, ni Tulia tu bado ana joto.

Jumapili, 16 Novemba
Wifi Salome, dada yake Joakim, kaja kutoka Eden Prairie na sufuria ya ndizi nyama. Nimemsimulia habari za jasho kama kichekesho. Hakucheka. Kwao mjane hunyolewa kichwa. Mimi nilikataa, nikarudi kazini na misuko yangu, na leo wakiniuliza nitakataa tena. "Seriously, wifi," kasema. "Hakuna kichwa kilichonyolewa. Kaka atajuaje kwamba amekufa?" Nimemjibu kwamba kukohoa kwa farasi ni kazi ya daktari. Nimeudhika. Ndizi zake hata sikuzimaliza.

Alhamisi, 20 Novemba
Amelowa, anatetemeka, hataki kula. Basi. Mwili mzima. Linda anashikilia tuache kile kipande cha tandiko, ndivyo wafanyavyo wote. Nimesema hapana, hicho ndicho kiondoke kwanza. Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Labda.

Jumamosi, 22 Novemba
Tumemnyoa. Salome alishika kamba, Linda alishika mashine. Mgongo niliomba niunyoe mwenyewe. Kote ngozi ilikuwa baridi, lakini pale palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Niliendelea kunyoa. Nilipomaliza, Tulia alishusha pumzi ndefu, akainamisha kichwa. Manyoya yalitapakaa sakafuni, Salome akayazoa yote kwenye mfuko, hataki yazagae. Tukamvisha blanketi nene. Tukitoka, Salome akanitazama misuko, akanitania: "Haya wifi, mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Nimecheka sana. Nilikuwa nimesahau kucheka.

Jumapili, 23 Novemba
Linda kapiga simu mapema. Tulia ni mkavu. Kala nyasi zote, kikohozi kimepungua. Namshukuru Mungu. Nje theluji inadondoka taratibu, barabara nyeupe, nitaenda ibada ya pili. Nimechemsha chai. Misuko yangu imelowa hadi kwenye ngozi ya kichwa, wala sijaitia maji. Nimeifunga taulo. Nimerudi chumbani kupapasa mto. Mto mkavu.