Kasiksi ya Kuposea

Jumatatu, 3 Juni
Chumvi imefika. Gunia moja limelowa, nimelianika. Saa kumi nimefunga duka, nimekwenda kuonja pombe ya ndizi. Hii ni nyumba ya pili. Kwa Mama Nyota, nyuma ya kanisa. Kasiksi yake inanuka moshi. Nimekunywa nusu kibuyu kwa heshima, nimeshukuru, nimeondoka. Hapana.

Niandike sababu, nisije nikajisoma mwakani nikadhani nilikuwa mlevi. Mwanangu Muhindo anataka kumwoa Riziki, binti wa Papa Bauma wa mlimani. Papa Bauma ametupa Jumamosi tarehe 22. Hataki bia ya chupa. Anataka pombe ya ndizi, kama wazee wake Wahunde walivyoposa. Mwaka jana alimrudisha mposaji mmoja mlangoni kwa sababu kasiksi yake ilikuwa na maji na sukari. Yule naye alikuwa Munande mwenye duka, kama sisi. Tangu siku ile mlima mzima unasema watu wa duka wanaongeza maji hata kwenye pombe.

Mwana ninaye mmoja. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Shasha. Muhindo anafundisha huko, nimepanda naye moto, ile pikipiki ya abiria, asubuhi. Nyumba iko karibu na maji, jani la mgomba limechomekwa mlangoni, kila mtu anajua maana yake: pombe ipo. Wanawake wa samaki walikuwa wameshajaa. Wananipisha, wananipa sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Kasiksi tamu sana. Tamu kupita kiasi. Sukari naijua, naiuza. Lakini nimekaa mpaka saa sita, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kurudi tumepishana na watu wenye magodoro kichwani. Wanatoka upande wa Sake. Wanakimbia vita.

Ijumaa, 7 Juni
Nyumba ya nne. Siki tupu. Mwenye nyumba anasema ni vita, ndizi zinakatwa kabla ya wakati kwa kuogopa zitaibwa. Namwamini. Hata hivyo ni siki.

Jumapili, 9 Juni
Nimeipata.

Baada ya misa nimepita njia ya chini, nimeona jani kwenye kibanda ambacho sikuwahi kukitazama. Mama Sifa. Mkimbizi kutoka Buleusa, huko Walikale, ana miaka miwili hapa. Hana mgomba hata mmoja. Anakanyagia ndizi kwenye mtumbwi wa mbao wa kukamulia pombe, nao wa kuazima. Alikunywa kwanza yeye, kama mwenyeji anavyopaswa, ndipo akanipa. Ina ukali kidogo mwanzoni, halafu mtama uliokaangwa, halafu inashuka taratibu. Nilitaka kulia, nikaona haya.

Sikumsifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimemwambia nataka bidoni tatu, madumu ya njano, za tarehe 22, ataje bei. Akaniuliza za nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Ya kuposa haiuzwake, Mama Kavira. Mama ya kijana njo anaikanyaga, na mikono yake. Mimi nitakuonyesha."

Nina miaka hamsini na sita. Sijawahi kutengeneza hata togwa.

Alhamisi, 13 Juni
Tumechimba shimo nyuma ya duka. Tumewasha majani makavu ndani mpaka udongo umekuwa moto, tumetandika majani mabichi, tumepanga ndizi, tumefukia. Mama Sifa anahesabu kwa vidole. Siku tano shimoni. Jumanne kukanyaga. Siku ya pili baada ya kukanyaga pombe ni ya watoto, ya nne ni ya wakwe, ya tano inaanza kuwa siki. Ya nne ni Jumamosi yenyewe. Hakuna siku ya akiba.

Mgongo unauma. Nimefurahi.

Jumamosi, 15 Juni
Milio ya silaha upande wa Sake tangu alfajiri. Mizito. Watu wamenunua chumvi, mishumaa, sabuni, kwa haraka, bila kuuliza bei. Jirani amefunga mizigo, ananiuliza kama nakimbilia Minova. Nimesema bado.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza ndizi. Wengine wanawaza watoto wao, mimi nawaza shimo. Nimejionea aibu. Halafu nimekwenda kuligusa kwa kiganja. Bado lina joto.

Jumanne, 18 Juni
Tumefukua. Zimekuwa njano, laini, zinanukia duka zima. Nimepiga magoti mbele ya mtumbwi, nimezikanda kwa mikono na majani makavu, ndiko kukanyaga kwenyewe, mpaka maji yametoka. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini mimi nimeinama tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mama Sifa amekaanga mtama, amesaga, amenyunyizia, tumefunika.

Amenisimulia Buleusa. Mtumbwi wake wa huko ulikuwa wa urefu wa watu wawili waliolala. Siku waliyokimbia ulikuwa umejaa, siku ya nne kamili. Alisema hajui nani aliinywa pombe ile. Hilo ndilo linalomsumbua, si nyumba. Nyumba aliiona ikiwaka.

Alhamisi, 20 Juni
Watu wengi wameteremka kutoka milimani leo. Muhindo anataka tuahirishe. Nimemwambia akaombe ruhusa kwa pombe, si kwangu. Nilimkaripia bure, na yeye anaogopa kama mimi.

Jioni ujumbe wa Papa Bauma umefika kwa mdomo wa muuza maharagwe. Hakimbii. Maharagwe yake yako shambani, na Jumamosi ni Jumamosi.

Ijumaa, 21 Juni
Tumechuja. Bidoni tatu za njano, moja kuukuu iliyokuwa ya mafuta, zimejaa mpaka shingoni. Mama Sifa amesokota majani ya mgomba, ameziba midomo, amesema zisiguswe, ameenda kwake.

Nimezitazama sana. Jani si kifuniko. Miaka ishirini na tisa ya duka nimeona mafuta yakimwagika, petroli ikimwagika, unga ukimwagika, kila mara kwa sababu mtu hakufunga vizuri. Na njia ya mlimani ni mawe matupu. Nimetoa majani. Nimeweka sashe, mfuko wa plastiki, kwenye kila mdomo, nimekaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Nimezilaza chini, hakuna hata tone. Sasa nalala nimetulia.

Jumamosi, 22 Juni
Naandika kabla ya kulala.

Tumetoka asubuhi. Bidoni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, vijana wawili wa parokia wanasukuma, mimi, Muhindo na Mama Sifa nyuma. Mama Sifa hakuziona vizuri, nilikuwa nimezifunika kwa kitenge kipya. Jua kali. Milio ilikuwa mbali, halafu ikanyamaza.

Kwa Papa Bauma uwanja umejaa. Wazee kwenye viti, wanawake upande wa jikoni. Tumesalimia. Bidoni zimewekwa katikati. Mzee mmoja anaanza kutuuliza tunatafuta nini katika nyumba hii. Muhindo anafungua kinywa.

Mlipuko.

Wote chini. Mimi nimelalia tumbo, uso kwenye vumbi, namwita Muhindo. Mtu anasali. Kiti kimemwangukia Papa Bauma. Nilijua vita vimetufikia. Nilijua nimemleta mwanangu kufa kwa ajili ya ubishi wa pombe. Kisha nikahisi maji mgongoni, ya uvuguvugu, nikadhani ni damu. Yalinukia ndizi.

Bidoni ya mafuta, ile kuukuu, imepasuka ubavu kutoka juu mpaka chini. Nyingine mbili zimevimba kama mbuzi wenye mimba.

Watu wameinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Papa Bauma ameketi hapohapo chini, pombe inachuruzika kwenye ndevu zake. Mama Sifa ananitazama mimi, si bidoni. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwona Riziki mlangoni, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na nikaona tumerudishwa kama yule mwingine.

Papa Bauma amepitisha kidole kwenye ndevu. Amelamba. Amepitisha tena.

"Nani njo alifunga hii?"

Nimesema ni mimi. Nimesema mimi ni muntu ya duka, Papa, ninafungaka kila kitu.

"Na nani aliikanyaga?"

Mimi vilevile. Nimeonyesha mikono, bado ina weusi wa utomvu wa ndizi.

Ameitazama. Kisha amewageukia wazee.

"Pombe yenye maji haina nguvu ya kupasula bidoni. Huyu mama hakutudanganya."

Hapo ndipo walipocheka. Mpaka yule aliyekuwa anasali. Mama Sifa amefungua zile mbili polepole, kifuniko nusu, kungoja, nusu tena, zinapumua kama wazee wanaoamka. Nimekunywa kwanza mbele yao. Nimempa Papa Bauma. Amekunywa, amempa Riziki kibuyu akampe amtakaye. Riziki amevuka uwanja wote ulioloa, amempa Muhindo.

Muhindo amekunywa mpaka chini.

Jumapili, 23 Juni
Kimya upande wa Sake. Misa ilijaa. Jirani hajaenda Minova.

Mchana Mama Sifa amekuja kuomba bidoni iliyopasuka. Hakunikaripia hata neno moja, na hilo limeniuma zaidi. Ameikata kwa kisu kufuata ule mpasuko, ameifungua pande mbili, ameiosha. Sasa ni kama mtumbwi, mfupi, wa njano. Amesema utatosha mikungu miwili. Amesema ni mudogo, lakini hataurudisha kwa muntu.

Tumekaa kwenye kizingiti cha duka, tumegawana masalio ya jana. Yameanza kuwa siki. Tumeyamaliza.