Mshumaa wa Kaliopi

Paliofanari,
Jumapili, 12 Juni 1994.

Mpendwa binamu yangu Kaliopi,

Pokea salamu zetu za moyoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na baba mdogo, huko Melbourne kwenye baridi yenu ya Juni. Goti lake limepata nafuu? Na kile kikohozi ulichonieleza wakati wa Pasaka kimekwisha? Huku tuko hai. Mama yangu, mama mkubwa wako, amefikisha miaka sabini na sita na sauti yake bado inafika bandarini. Mimi miguu huvimba jioni, mengine si haba.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale barazani, kama zote, kwa sababu Mama hajui kusoma na hataki kufupishiwa. Chini yetu Marigo wa duka la mikate alizima redio ili asikie vizuri. Kwa hiyo mji mzima unajua kwamba unafika tarehe thelathini Julai, unakaa wiki tatu, na mumeo mmeachana. Hilo la mwisho ungeliandika kwenye karatasi ya peke yake.

Ulipoondoka hapa ulikuwa na miaka minane na mimi kumi na nne, tukilala kitanda kimoja, na wewe ndiye uliyekuwa unavuta blanketi. Umeniuliza uje vipi na usifanye nini. Nakujibu, na nakuomba usome kwa makini kuliko unavyofikiri inahitajika.

Basi likifika utaulizwa "Wewe wa nani?" kabla hujatua begi. Usiseme Australia. Sema wewe ni mjukuu wa Kaliopi wa kinuni, watakubebea begi mpaka mlangoni. Bibi yetu alikufa miaka arobaini iliyopita, lakini bado ndiye anayejulikana. Mimi na wewe tulipewa jina lake kwa sababu baba zetu ni ndugu, na kila mmoja alitaka kumtukuza mama yake. Ndiyo maana nyumbani tuliitwa Kaliopi Mkubwa na Kaliopi Mdogo. Wewe ulikuwa unalia ukiitwa Mdogo.

Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja na nusu usimgongee mtu mlango, usipige simu, usivute kiti. Watu wamelala, na asiyelala anajifanya amelala. Maji ya moto unawasha swichi nusu saa kabla ya kuoga, ukimaliza unazima, la sivyo Mama atakuimbia swichi hiyo mpaka Krismasi. Karatasi ya chooni haiendi chooni, inaingia kwenye ndoo. Mabomba yetu ni membamba.

Ukitembelea nyumba utaletewa tunda lililopikwa kwa sukari kwenye kisahani na glasi ya maji. Hilo tunda ulimalize. Chakula cha mezani kinyume chake, bakiza kidogo, maana sahani tupu inajazwa. Ukikataa, weka mkono kifuani. Usimnyooshee mtu kiganja wazi mbele ya uso wake, hilo hapa ni tusi zito, na mwaka juzi Mholanzi mmoja alipigwa samaki kichwani kwa ajili hiyo, samaki mzima. Na mtu akiinua kidevu juu na kugonga ulimi, amekataa. Usisubiri maneno.

Baharini ingia upande wa gati, kwenye miamba kuna wadudu wa miiba. Utawakuta akina mama wamesimama majini mpaka kifuani na kofia zao, wanaongea saa nzima bila kuogelea. Simama nao. Kila kitu cha mji huu huamuliwa pale. Ukitoka, vaa gauni kabla ya kukanyaga barabara.

Kuanzia tarehe mosi Agosti tunafunga kwa ajili ya sikukuu ya Bikira, ambayo ni tarehe kumi na tano. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna jibini. Pweza anaruhusiwa, usiniulize kwa nini. Kanisani mabega yafunikwe, na ukikaa usipandishe mguu juu ya mguu.

Sasa nikuambie la kwangu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Unaukumbuka mshumaa wangu? Nilipokuwa na miaka mitano nilishikwa na homa, na dawa hazikuwepo, ilikuwa mara tu baada ya vita. Mama aliweka nadhiri. Kama nitapona, mimi mwenyewe nitafagia kanisa siku zote kumi na tano za mfungo, kila mwaka, na siku ya sikukuu nitatembea mbele ya picha ya Bikira nimebeba mshumaa wenye urefu wangu kamili, kutoka kanisani mpaka gatini na kurudi. Nilipona. Kila mwaka Mama hunisimamisha kwenye mlango wa jikoni na kunipima kwa uzi, kisha uzi unapelekwa kwa fundi wa mishumaa. Niliacha kurefuka zamani, bado ananipima. Mwaka jana nilikuwa nimepungua nusu kidole na akanilaumu.

Nina miaka hamsini na miwili. Sijawahi kulala nje ya Paliofanari mwezi wa Agosti hata usiku mmoja. Asimina wangu alifunga ndoa kule Stuttgart mwezi wa Agosti, kwa sababu ndiyo likizo ya kiwanda chao, na mimi mama yake niliiona harusi kwenye picha nane. Nilifagia kanisa siku hiyo. Nilifagia nikilia, na wenzangu wakadhani ni uchaji.

Sasa Asimina ana mimba ya kwanza, anatarajiwa kujifungua katikati ya Agosti. Presha imempanda na daktari amemwambia alale, asinyanyue hata ndoo. Mumewe anafanya kazi zamu ya usiku. Mama mkwe hana. Wiki iliyopita alinipigia simu, hakuniomba chochote, aliniuliza tu jinsi ninavyopika supu ya kuku. Nilimweleza.

Nilimwambia Mama nataka kwenda. Alikuwa anamenya maharage, hakuinua kichwa.

"Ulikuwa umekakamaa kama ubao," akasema. "Nikamwambia Bikira, niachie huyu, atakutumikia mwenyewe. Akaniachia. Sasa mwanangu, unataka nimwambie nini?"

Kaliopi, nimefungwa kwa neno ambalo sikulitamka mimi. Naweza kupanda basi kesho, hakuna atakayenishika mkono. Lakini naogopa. Nikivunja nadhiri na lolote likampata Asimina au mtoto, nitakuwa nimelileta mimi, na Mama hatahitaji kusema neno. Ninakasirika naye mchana na usiku namfunika miguu. Nimechoka kuwa mtu aliyepona.

Nilikwenda kwa Padre Lefteris kwa siri, yaani nilikwenda asubuhi ambapo Marigo anatoa mikate. Nilimweleza yote, na pia kwamba wewe unakuja. Alichezea ndevu zake.

"Kwenye karatasi za maombi tunaandika jina la ubatizo peke yake," akasema. "La ukoo hatuandiki. Bikira aliahidiwa Kaliopi. Huyo binamu yako alibatizwa wapi?"

Nikamwambia hapa hapa, kwenye birika lile lile nililobatiziwa mimi.

"Basi kwangu hakuna kizuizi. Lakini nadhiri ni ya mama yako. Bila yeye kukubali, siwezi."

Ndilo ombi langu. Nakuomba ushike ufagio wangu siku kumi na tano na ubebe mshumaa badala yangu. Mambo yote niliyokuandikia hapo juu ni kwa ajili hiyo, kwa sababu hapatakuwa na mimi wa kukunong'oneza. Tutakuwa na usiku mmoja tu pamoja, baada ya miaka thelathini na minane, na asubuhi yake mimi nitapanda basi lile lile lililokuleta. Najua unakuja kupumzika. Nisamehe.

Mama sijamwambia. Nataka kwanza nijue kama wewe upo tayari, ndipo nimkabili. Usinijibu waziwazi, si unajua nitakavyoisoma barua yako. Ukikubali, niulize kama Agosti kuna joto sana. Ukishindwa, niulize habari za upepo. Nitaelewa, na sitakuchukia.

Nisalimie baba mdogo, mwambie mzeituni wake bado unazaa na hakuna aliyeugusa. Nisalimie pia mwanao Stratos, na yule jirani yako mwema anayekupeleka hospitali. Mungu akufikishe salama na akupe bahari tulivu. Nabaki nduguyo anayekuwaza kila siku,

Kaliopi Mkubwa

Nyongeza. Nilikuwa nimeshatia sahihi na kulamba bahasha. Mama alikuwa kwenye kiti chake tangu nilipoanza, nikidhani amesinzia. Akaniuliza nimemwandikia nani kurasa zote hizo. Nikasema wewe. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Sijui kama ni Padre aliyemwambia, au Marigo, au kama kunisikiliza nikihema tu kulimtosha kujua. Alifungua droo ya jikoni, akatoa ule uzi, akauweka juu ya meza mbele yangu.

"Ifungue tena hiyo bahasha," akasema. "Muulize ana urefu gani."

Kwa hiyo, mdogo wangu, achana na joto na upepo. Simama mlangoni bila viatu, umwambie baba mdogo akupime.