Eligio Santelises na Jezi ya Magunia

Mwaka umetimia leo, Baba, na bado hatuamini. Mama bado anakukaangia ndizi zako mbichi, kisha husimama na sahani mkononi asijue aiweke wapi.

Ulichochea moto wa boila, yale matanuri ya mvuke ya kiwanda cha sukari cha La Merced hadi ulipostaafu. Hukupita nyumba yenye mgonjwa bila kuacha kitu mlangoni, hata kama ni kipande cha muwa tu. Ujanani ulikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya kiwanda, na vile vidole vilivyopindishwa na mpira ulimwonyesha kila mgeni, kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Timu ilipotaka jezi mpya, wewe ndiye uliyewasimulia ile ya kwanza, ambayo kina bibi waliishona kwa magunia ya pamba ya kutilia sukari, muhuri wa kiwanda ukiangukia kifuani, mgongoni, hata kwapani. Wakaamua kuiiga, lakini mshonaji akauweka muhuri katikati, umenyooka. Ukamrudishia.

"Bibi yangu hakuwa na rula, mwanangu. Upindishe!"

Akaupindisha. Ulipopewa yako uliivaa hata ukienda kucheza domino.

Ndiyo uliyoivaa siku ile uwanjani. King'ora cha zamu ya mchana kikalia, mchezo ukasimama, na watu wote wakainuka kuwaheshimu wanaoingia kazini, kama tufanyavyo siku zote. Wewe tangu ustaafu hukuwa ukiinuka. "Kimwite mwingine," ulikuwa ukisema, "mimi nimemaliza." Kwa hiyo tulipokuona umekaa, kofia imefunika uso, hatukushangaa.

Rafiki yako Tolentino, msimamizi wa timu, akapaza sauti kutoka chini: "Eligio, inuka bwana! Au jezi imekubana kitambi?"

Jukwaa zima likacheka. Sisi pia tulicheka, Baba. Mwanao Wascar akakurushia ganda la karanga. King'ora kikanyamaza, watu wakakaa, kofia yako ikaanguka, nawe hukuinama kuiokota.



Baada ya mazishi timu ilizikunja jezi zote. Walisema zina mkosi. Juzi Tolentino alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akamuuliza Mama kama wazichome.

"Mchome nini?" Mama akasema. "Moyo ndio uliomshinda, Tolentino, si nguo. Zivaeni. Na ole wako niukute ule muhuri umenyooshwa."

Leo mchana zinavaliwa. King'ora kitakapolia, uwanja wote utainuka. Sisi wa kwako tutabaki tumekaa.

Unakumbukwa na mkeo Nereida, wanao Yudelka na Wascar, dada yako Milagros, wajukuu zako, na Tolentino, ambaye ameomba leo akae pamoja nasi.

Hatutakusahau kamwe, Baba.